Umri wa Kuishi na Sera za Afya Katika Nchi Mbalimbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka hutolewa orodha za nchi ambazo watu wake huishi miaka mingi na zile ambazo watu wake huishi michache, na kila mwaka orodha hizo husomwa visivyo. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji asiye daktari wala mtakwimu, anayetaka kujua tarakimu hizo hupatikanaje, kwa nini hupanda na kushuka, na ni maamuzi gani ya serikali yaliyozibadilisha.

Wastani wa umri wa kuishi ukiwa miaka 66, je, maana yake watu wengi hufa wakiwa na miaka 66?

Hapana, na hakuna kosa linalorudiwa zaidi ya hili. Chukua watoto 10 waliozaliwa katika kijiji kimoja. Wawili wakifariki siku chache baada ya kuzaliwa, na wanane waliobaki wakaishi hadi miaka 70, wastani wao unakuwa miaka 56, ingawa hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na umri huo wala umri wa karibu nao. Vifo vya utotoni huuvuta wastani chini kuliko vifo vingine vyote, kwa kuwa kila mtoto anayefariki hupoteza miaka yote ambayo angeiishi. Ndiyo maana katika enzi ambazo wastani ulikuwa miaka 40 na kitu vikongwe walikuwepo kama walivyopo leo, ila makaburi ya watoto yalikuwa mengi.

Tena wastani huu si utabiri. Hukokotolewa kwa kuchukua viwango vya vifo vya mwaka mmoja katika kila rika, kisha kuuliza: mtoto aliyezaliwa leo angeishi miaka mingapi kama viwango hivi vingebaki vilevile maisha yake yote? Kwa kuwa viwango havibaki vilevile, tarakimu hiyo hueleza hali ya mwaka uliopimwa na haimwambii mtu yeyote siku yake ya kufa.

Mbona Japani ina vifo vingi kwa kila watu 1,000 kuliko Kenya, ilhali Wajapani ndio wanaosifiwa kwa kuishi miaka mingi?

Kwa sababu Japani imejaa wazee na Kenya imejaa vijana. Nchi ambayo karibu watu watatu katika kila 10 wamevuka miaka 65 itazika watu wengi kila mwaka hata kama huduma zake ni bora kiasi gani. Mfano ulio wazi zaidi ni Qatar, ambako vifo kwa mwaka huwa chini ya 2 kwa kila watu 1,000. Kiwango hicho hakitokani na tiba ya ajabu. Sehemu kubwa ya wakazi wa nchi hiyo ni wanaume wa umri wa kufanya kazi waliotoka Asia na Afrika, wakiwemo vijana wengi kutoka Kenya na Uganda, ambao hupimwa afya kabla ya kupewa viza na hurudi kwao wakizeeka au wakiugua. Uzee wao huhesabiwa katika takwimu za nchi walikozaliwa.

Kwa hiyo, anayelinganisha nchi mbili kwa idadi ya vifo bila kuzingatia mgawanyo wa umri halinganishi afya, bali analinganisha umri wa raia. Watakwimu hurekebisha hesabu kana kwamba nchi zote zina mgawanyo mmoja wa marika, na ni baada ya marekebisho hayo tu ndipo ulinganisho unapokuwa na maana.

Takwimu hizi hutoka wapi katika nchi ambazo watu wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila cheti cha kifo?

Katika nchi nyingi za Afrika vifo vinavyosajiliwa ni chini ya nusu ya vinavyotokea, kwa hiyo nchi hizo haziwezi kufanya kama Uswidi, ambayo imekuwa ikiweka kumbukumbu za vizazi na vifo vya taifa zima tangu karne ya 18. Njia inayotumika zaidi ni utafiti wa kaya: wadadisi hutembelea maelfu ya kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kila mwanamke huulizwa amezaa watoto wangapi, lini, na wangapi wako hai. Njia ya pili ni sensa. Ya tatu ni maeneo machache ambako kila kaya hufuatiliwa mwaka hadi mwaka, kama vile Ifakara na Rufiji nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya. Huko, mtu anapofariki, mdadisi aliyefunzwa huenda kwa wafiwa baada ya siku za matanga na kuuliza dalili alizokuwa nazo marehemu, kisha madaktari huyasoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Ni kazi inayohitaji adabu kubwa, na bila hiyo tusingejua chochote kuhusu vifo vya vijijini.

Vifo vitokanavyo na uzazi ni vigumu zaidi kupima kwa sababu, ingawa ni vingi mno kuvumilika, ni vichache ukilinganisha na ukubwa wa sampuli. Utafiti wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulipata vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukapata 104. Tarakimu hizo zilitangazwa kwa shangwe, na zina sababu ya kufurahiwa, kwani vituo vya afya vinavyoweza kufanya upasuaji wa uzazi vimeongezeka sana katika kipindi hicho. Hata hivyo, kila moja ina wigo mpana wa makosa kulia na kushoto, na makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa kipindi hicho yako juu ya 104. Kwa maoni yangu, ni salama kusema kwamba vifo hivyo vimepungua sana. Kutaja kwa asilimia kamili ni kiasi gani vimepungua ni kujitwika mzigo ambao ushahidi hauwezi kuubeba.

Marekani inatumia fedha nyingi za afya kuliko nchi yoyote. Kwa nini Wamarekani hawaongozi kwa umri?

Marekani hutumia karibu asilimia 17 ya pato lake la taifa kwa afya. Pamoja na hayo, wastani wa umri wa kuishi ulikuwa miaka 78.8 mwaka 2019, ukashuka hadi 76.4 mwaka 2021, kisha ukaanza kupanda tena. Costa Rica, nchi yenye kipato cha kati ambayo hutumia sehemu ndogo tu ya fedha hizo kwa kila raia, imekuwa sawa na Marekani au mbele yake kwa miaka mingi.

Maelezo ya tofauti hiyo hayapatikani ndani ya hospitali, kwa sababu hospitali za Marekani ni miongoni mwa bora duniani kwa anayeweza kuzifikia. Wamarekani hufa mapema kuliko wenzao wa nchi tajiri kwa sababu vijana na watu wa makamo hufa kwa risasi, kwa ajali za barabarani, kwa unene uliokithiri na maradhi yanayouandamana, na kwa dawa za kulevya. Tatizo hilo la mwisho lilianzia katika dawa halali za maumivu zilizoandikwa ovyo na madaktari tangu miaka ya 1990, likahamia kwenye heroini, kisha kwenye fentanili, hadi kufikia mwaka 2021 ambapo vifo vya kuzidisha dawa vilivuka 100,000 kwa mwaka. Ongeza hapo mamilioni ya watu wasio na bima, wanaochelewa kumwona daktari kwa kuogopa bili.

Costa Rica ilifuata njia nyingine. Ilianzisha mfuko wake wa hifadhi ya jamii mwaka 1941, ikafuta jeshi mwaka 1948, na katikati ya miaka ya 1990 ikaanza kuigawa nchi katika maeneo madogo, kila moja likiwa na timu ya daktari, muuguzi na mhudumu wa jamii anayezitembelea nyumba na kuwajua wakazi kwa majina. Mgonjwa wa shinikizo la damu hafuatiliwi siku anapoanguka. Hufuatiliwa miaka 10 kabla ya siku hiyo.

Je, umri wa kuishi wa taifa unaweza kurudi nyuma?

Unaweza, na umewahi kurudi nyuma vibaya bila vita. Mwezi Mei 1985 serikali ya Kisovieti chini ya Mikhail Gorbachev ilianza kampeni kali dhidi ya pombe: uzalishaji wa vodka ukapunguzwa, bei ikapandishwa, saa za kuuza zikafupishwa. Wastani wa umri wa wanaume nchini Urusi ukapanda hadi karibu miaka 65 mwaka 1987. Kampeni ilichukiwa, ikaachwa, Umoja wa Kisovieti ukaanguka, ajira zikapotea, pombe ikawa rahisi kuliko chakula, na kufikia mwaka 1994 wastani wa wanaume ulikuwa miaka 57 na kitu. Waliofariki zaidi hawakuwa wazee wala watoto, bali wanaume wa umri wa kufanya kazi. Udhibiti wa pombe ulioanza tena katikati ya miaka ya 2000, pamoja na uchumi uliotulia, uliupandisha wastani huo hadi miaka 68 hivi mwaka 2019.

Afrika Kusini ni mfano wa pili, na kwetu ni wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani wa kuishi ulikuwa umevuka miaka 60. Katikati ya miaka ya 2000 ulikuwa umeshuka hadi miaka 53 hivi kwa sababu ya UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilikuwepo duniani tangu mwaka 1996, lakini serikali ya wakati huo ilitilia shaka uhusiano wa VVU na UKIMWI na kusitasita kuzigawa. Ilibidi wanaharakati waende mahakamani, na mwezi Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru serikali kutoa dawa ya kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto. Ugawaji mpana ulianza mwaka 2004, na ndani ya miaka 15 umri wa kuishi ukawa umerudi pale ulipokuwa na kupita. Dawa zile zile zilizotolewa baadaye ndizo zilizocheleweshwa awali, kwa hiyo miaka ya katikati ina jina: ilikuwa ni uamuzi wa kisiasa.

Ni hospitali kubwa zilizopunguza vifo vya watoto Afrika Mashariki?

Zimechangia, lakini kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Rwanda ilikuwa na vifo 196 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa mwaka 2000. Utafiti wa mwaka 2010 ukapata 76, na ule wa 2019/20 ukapata 45. Tanzania ilitoka 147 mwaka 1999 hadi 43 mwaka 2022. Hakuna nchi iliyojenga hospitali za rufaa kwa kasi inayoweza kueleza mporomoko wa namna hiyo. Kilichofanya kazi ni vyandarua vyenye dawa, dawa mseto ya malaria, chanjo dhidi ya surua, kichomi na kuhara, matone ya vitamini A, na mtu wa karibu anayejua kutambua mtoto mgonjwa. Rwanda iliweka wahudumu wa afya wa jamii katika kila kijiji, wakichaguliwa na wanakijiji wenyewe, na idadi yao ikapita 45,000.

Tanzania ilikuwa na uzoefu wa zamani. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilielekeza fedha kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza kipindi, wakajadili kitabu, kisha wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wapo wazee ambao bado wanaukumbuka wimbo wake.

Mfano ambao ningependa ujulikane zaidi ni wa Rufiji na Morogoro Vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada ilianzisha mradi wa kuzisaidia halmashauri kupanga bajeti kwa kutazama ni magonjwa gani hasa yanayoua watu wao. Ilibainika kwamba katika wilaya mojawapo malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, yaani miaka ambayo waliofariki mapema wangeiishi, lakini ilipata asilimia 5 tu ya bajeti. Bajeti ilikuwa imepangwa kama ya mwaka uliotangulia, nayo ya mwaka uliotangulia ilipangwa kama ya mwaka ulioutangulia. Halmashauri zilipewa nyongeza ndogo, kiasi cha dola moja hadi mbili kwa kila mkazi kwa mwaka, pamoja na michoro rahisi iliyoonyesha vifo upande mmoja na fedha upande wa pili. Fedha zikahamishwa kwenda kwenye vyandarua, mafunzo ya kutibu watoto na matengenezo ya zahanati. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Kulikuwa na karatasi iliyomwonyesha mganga mkuu wa wilaya kile ambacho hajawahi kuonyeshwa.

Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya matajiri?

Dhana hiyo imepitwa na wakati. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uligundua kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Tanzania walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakujua. Familia moja siku hizi inaweza kuwa na mtoto mwenye malaria na bibi aliyepooza kwa kiharusi chini ya paa moja, na zahanati yenye muuguzi mmoja inatakiwa kuwahudumia wote wawili.

Ufini yatoa somo hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa mkoa wa Karelia Kaskazini, wengi wao wakata magogo na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mradi ulioanza mwaka 1972 chini ya daktari kijana, Pekka Puska, haukuanza kwa kujenga wodi ya moyo. Ulianza na vyama vya akina mama, maduka, viwanda vya soseji, waoka mikate na wauza maziwa: chumvi ipunguzwe, siagi iachie nafasi mafuta ya mimea, sigara zisivutwe ndani. Wafugaji waliposema watapoteza riziki, walisaidiwa kulima matunda ya porini yanayostawi katika baridi ile. Ndani ya miaka 40 vifo vya maradhi ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika mkoa ule vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Japani nayo, ambako kiharusi kiliongoza orodha ya vifo kuanzia mwaka 1951 hadi 1980, ilipambana na chumvi na kupima shinikizo la damu kijiji kwa kijiji.

Kodi za sigara na vinywaji vyenye sukari hulinda afya, au ni njia tu ya serikali kujipatia mapato?

Ni vyote viwili, na sioni aibu katika hilo. Mexico ilianza kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari mwezi Januari 2014, na manunuzi ya vinywaji hivyo yakapungua kwa karibu asilimia 6 mwaka wa kwanza na karibu asilimia 10 mwaka wa pili, zaidi katika kaya maskini. Uingereza ilifanya ujanja zaidi mwaka 2018 kwa kupanga ushuru kulingana na kiasi cha sukari, hivyo viwanda vikapunguza sukari vyenyewe ili kuukwepa, na mnywaji akafaidika bila hata kubadili kinywaji. Chile iliongeza onyo: tangu mwaka 2016 vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hubeba alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti.

Kwa tumbaku, ushahidi haubishaniwi tena. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti ulipitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, na Kenya na Tanzania ni wanachama. Ugumu wa Tanzania ni kwamba tumbaku ni zao la fedha la Tabora na mikoa jirani, na mkulima wa Urambo anayetegemea mnada wa tumbaku kulipa ada ya mtoto ana haki ya kuuliza atalima nini badala yake. Wafini waliojibiwa swali kama hilo walipewa mche wa kupanda na soko la kuuzia. Mkulima wa Tabora mara nyingi hupewa hotuba.

Bima ya afya kwa wote inawezekana katika nchi yenye wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi?

Inawezekana, ila mchango wa hiari peke yake haujafikisha nchi yoyote huko. Aliye mzima huona mchango ni hasara, anayeugua ndiye anayejiunga, na mfuko huishia kulipa kuliko unavyokusanya. Rwanda ililifumbua fumbo hilo kwa kuifanya bima yake ya jamii kuwa ya lazima, kupanga viwango vya mchango kulingana na hali ya kaya, na kuwalipia maskini kabisa. Thailand ilienda mbali zaidi: kuanzia miaka ya 2001 na 2002 iliacha kabisa kuwatoza michango watu wa sekta isiyo rasmi na kuwagharamia kwa kodi ya jumla, mgonjwa akilipa baht 30 tu anapotibiwa. Wanaoinukuu Thailand husahau kwamba kabla ya kadi hizo kugawiwa, ilikuwa imetumia miongo miwili na zaidi kujenga hospitali katika kila wilaya na kuwalazimisha madaktari wapya kutumikia vijijini. Kadi ya bima isiyokuwa na zahanati yenye dawa ni karatasi.

Kenya ilibadilisha mfuko wake wa zamani kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya kipato chake. Mama mboga na bodaboda hawana hati ya mshahara, na hapo ndipo mvutano ulipo: kukadiria kipato cha mtu ambaye leo anauza na kesho hauzi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na inakabiliwa na swali lilelile la nani atamlipia asiye na uwezo, kutoka kodi gani. Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijawahi kufika hapo.

Wafadhili wakiondoka, itakuwaje?

Swali hili lilikuwa la kinadharia hadi mwezi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na baadaye shirika lake la misaada likavunjwa rasmi. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulioanza mwaka 2003 chini ya George W. Bush, ulikuwa umelipia dawa, maabara na mishahara ya wahudumu katika nchi nyingi, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Kliniki zilizotegemea mishahara hiyo zilifunga milango ndani ya siku chache, na wagonjwa wakaanza kupanga foleni katika vituo vya serikali vilivyokuwa na foleni zake tayari.

Jambo lililozungumzwa kidogo ni kwamba mpango wa tafiti za kaya zilizotajwa juu, ambao kwa miaka 40 ulizisaidia nchi maskini kupima vifo vya watoto na akina mama, nao uligharamiwa na shirika hilohilo na ukasitishwa mwezi Februari 2025, kabla ya kuokolewa kwa fedha za muda kutoka kwingine. Nchi inaweza kuahirisha ujenzi wa hospitali mwaka mmoja na kuujenga mwaka unaofuata. Mwaka ambao vifo vyake havikuhesabiwa hauwezi kurudiwa.

Kwa nini nchi tajiri zijali magonjwa ya nchi nyingine?

Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, na alipona. Hadi siku ile nchi nyingi duniani zilibidi ziendelee kuchanja. Baada ya ndui kutangazwa kutokomezwa mwaka 1980, zilizokuwa bado zikichanja ziliacha, na gharama ya kujikinga nayo ikapungua katika bajeti za nchi tajiri na maskini. Maalin baadaye alijitolea kuwashawishi wazazi wa Kisomali wawapeleke watoto wao kwenye chanjo ya polio, akiwaeleza jinsi yeye alivyoikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa sindano. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria.

Nikitaka kujua hali ya nchi yangu, nianzie wapi?

Anza na ripoti ya karibuni ya utafiti wa afya na watu, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na ile ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, na kwa Kenya na Shirika la Taifa la Takwimu. Zote hupatikana bure mtandaoni. Usianze na wastani wa taifa. Fungua jedwali la mikoa au kaunti, kisha la kiwango cha umaskini wa kaya, na utazame safu ya kwanza na ya mwisho. Kisha tafuta bajeti ya afya ya halmashauri au kaunti yako ya mwaka huohuo, uiweke kando ya jedwali hilo, kama walivyofanya Rufiji.